Kiinua Mgongo

Barua ya Tume ilikuja Jumanne pamoja na bili ya gesi.
Niliifungua kwa kisu cha siagi.
Mwombaji: Petherick na Wanawe, Watengeneza Soksi, Wangaratta.
Mjibu maombi: mimi.
Miaka ishirini na miwili sikuwahi kumjibu Lindsay neno,
leo karatasi inaniita mjibu.

Anaomba wiki zangu kumi na mbili ziwe nne.

Kumi na mbili ndiyo hesabu ya sheria
kwa aliyevuka miaka kumi.
Kaylene, mwenye miaka tisa, anazo kumi na sita.
Nilimuuliza wakili wa bure kama amekosea.
Hakukosea. Ukivuka kumi, unashuka.
Kaylene aliona haya, akaniletea keki ya limau
kana kwamba ni yeye aliyepiga kura kule Canberra.

Siku ya shauri nilikaa jikoni,
simu nimeiegemeza kwenye birika,
nimevaa blauzi ya mazishi. Hakuna aliyeniona.
Kamishna alikuwa na mafua,
kila akipiga chafya anatutaka radhi sote wawili, sawasawa.

Lindsay akasema: nimempatia kazi.
Kiwanda cha kufungasha kuku, Albury, zamu ya saa kumi alfajiri.
Kamishna akauliza:
Ulimpatia, au ulimtafutia?

Kimya.
Nikaisikia saa ya ukuta wa ofisi yake,
ile inayochelewa dakika sita,
iliyotuibia chai kila siku ya Mungu.
"Nilimpigia meneja. Alisema aje tu, watamtazama."

Watamtazama.
Maisha yangu yote nilidhani kutafuta na kupata
ni ndugu wa tumbo moja.
Kumbe kati yao zipo kilomita sabini na mbili,
ukungu, kangaruu aliyeduwaa kwenye mwanga wa taa,
na mlangoni mtu wa kunitazama:
miaka hamsini na minane,
vidole vinavyojua kisigino cha soksi gizani
na havijui shingo ya kuku.

Kisha akasoma madeni.
Bei ya sufu. Benki. Nyumba ya mamake iliyo rehani.
Kwenye tarakimu ya mwisho sauti ikamkatika,
na mimi, mjibu maombi,
nilitaka kumwambia, kunywa maji, Lindsay.
Ndiye aliyekuja hospitali Keith alipopooza,
amekamata jozi sita za soksi mpya,
hajui aziweke wapi.

Mama Truscott, una la kuongeza?

Nilikuwa na ukurasa mzima, nimeuandika kwa kalamu ya kijani.
Nikasema: mgongo.
Samahani?
Nikasema: mgongo wangu, Kamishna. Uliinama mzima.
Hauwezi kuinuliwa theluthi.
Akapiga chafya. Akatutaka radhi.

Uamuzi ulichukua siku kumi na tisa na aya thelathini na moja.
Katika aya ya kumi na nne jina langu lina herufi moja ya ziada.
Nafasi ya kutazamwa si kazi iliyopatikana.
Na madeni, yalisomwa, lakini hayakuthibitishwa.
Maombi yamekataliwa.
Niliisoma nimesimama, nikangoja furaha,
ikanipita kama basi lisilo na abiria wa kushusha.

Alhamisi lori kutoka Melbourne likaja kuchukua mashine.
Namba tisa ilikuwa yangu.
Ina kovu ubavuni, nilipoiangushia mkasi mwaka ule wa Keith.
Waliinyanyua kwa minyororo,
sindano zake mia moja sitini na nane zikitetemeka,
na Lindsay, kofia mkononi, akiwaelekeza: polepole, polepole.
Hakunitazama. Na mimi sikwenda karibu.

Ijumaa pesa zikaingia, wiki kumi na mbili kamili.
Jioni Kaylene akaninong'oneza bei ya namba tisa.
Nikatafuta kile kikalamu cha kijani.
Tofauti ni dola arobaini na moja.

Bili ya gesi bado ipo pale, chini ya sumaku ya friji.